Kijiji cha Mkwe Mwenzangu na Mto Wake wa Matope

Siku ile tulikuwa saba ndani ya nyumba, ukimhesabu mtoto. Mimi mwenyewe. Binti yangu wa mwisho, mwenye nyumba. Mume wake, Mbelgiji wa karatasi na Mtaliano wa kelele. Baba wa huyo mume, yaani mkwe mwenzangu, mjane, aliyeanza na makaa ya mawe huko kusini mwa nchi akamalizia kwenye kiwanda cha magari hapa Forest, Brussels. Binti wa huyo mzee, wifi ya binti yangu, mwalimu wa shule, mwembamba, anayekula majani na kuyahurumia. Dada yangu mdogo wa tumbo moja, anayekaa Molenbeek karibu na mfereji, ambaye alifuata nyama ya mbuzi na si mazungumzo. Na mtoto wa miezi minne, amelala chumba cha pili, ambaye kwa ajili yake sisi wengine tulikuwa tunatafunana.

Majina yao ninayo yote, na ya waliowazaa. Nilisoma miaka minne tu kwa masista, halafu mama akafa na mimi nikarudi kuosha wadogo zangu, kwa hiyo kichwa changu hakikujifunza kuweka vitu kwenye daftari. Vinakaa humu humu. Lakini binti yangu amenikataza kutaja mtu, anasema wengine wako hai na wana hasira. Bon, sitataja. Hata kijiji chenyewe sitakitaja, ingawa hakistahili heshima hiyo.

Ninaandika kwa sababu ya mjukuu wangu, yule yule aliyekuwa amelala chumba cha pili. Sasa yuko sekondari. Mwezi uliopita aliniwekea simu mbele ya pua. Ilikuwa picha ya daraja la mawe, mto wa rangi ya chai ya maziwa, na miti mirefu iliyopangwa mstari kama watu wanaongoja kuitwa ofisini. Chini yake waliandika Kifaransa cha kubembeleza: kijiji kidogo chenye haiba, kando ya mto, historia ya miaka elfu mbili, chakula cha kienyeji, baiskeli za kukodi.

"Koko," akaniuliza, ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "hapa si kwa Nonno? Mbona hakuna mtu amewahi kuniambia?"

Nonno ni babu yake, huyo mkwe mwenzangu. Nilimwambia arudishe simu yake mfukoni. Swali lilibaki.

Shauri la siku ile lilikuwa ubatizo. Binti yangu alipozaa alimpa mtoto jina langu. Kwetu Katanga mtoto wa namna hiyo ni majina yako. Wengine wanasema somo. Na katika ukoo wa mama yangu, majina haingizwi kanisani na mtu mwingine. Mwenye jina ndiye anayembeba kuvuka mlango, na padri akiuliza mtoto anaitwa nani, baba ananyamaza, mama ananyamaza, mwenye jina anajibu. Mimi nilijibiwa huko Bukama, na nyanya wa mama yangu, mwanamke kipofu, aliyeletwa juu ya baiskeli kutoka mission ya mbali ili aseme neno moja tu. Alilisema, akapewa chai, akarudishwa. Alikufa mvua zilipoanza. Donc mtu asiniambie ni jambo dogo.

Mkwe mwenzangu naye alitaka mtoto apelekwe Italia, kijijini kwake, kwenye jiwe la ubatizo ambamo ukoo wake wote walichovywa tangu sijui mfalme gani.

Na mimi nisingeweza kwenda. Wakati ule nilikuwa na kadi ya muda, ile ya rangi ya chungwa, wanayokupa Ubelgiji wakiwa bado wanafikiri kama wanakutaka. Kadi hiyo inakuruhusu kukaa, kupanda tramu na kuugua. Kuvuka mpaka, hapana. Ukivuka unaweza kurudi ukakuta mlango umefungwa. Binti yangu alijua, na mume wake aliapishwa asiseme. Dada yangu alijua. Mzee hakujua. Siku ya ndoa yao niliulizwa mezani, nikajibu kwamba mambo yangu yalikwisha zamani, nikisema hivyo huku nimegeukia upande wa dirisha. Nisingeweza tena kurudi kumwambia mzee wa makaa kwamba mke wa mwanawe ametoka kwa mama anayengoja mhuri. Basi silaha niliyobaki nayo ilikuwa moja: kukidharau kijiji chake mpaka watu waone aibu kukitaja.

Haikuwa kazi ngumu. Kila Jumapili alikuja na kijiji chake kama mtu anayekuja na mbwa. Alianza na Warumi. Warumi walipita pale, akasema. Nikauliza kama walikaa. Hapana, walipita, wakivuka mto kwenda kupigana mahali pengine. Nikamwambia hata mimi nimepita sana kituo cha gari moshi cha Midi na hakuna aliyeniwekea jiwe.

Baada ya Warumi ni wamonaki. Ndio waliojenga daraja, matao matatu, na kila mtu aliyevuka aliacha kikapu cha unga. Alilisema kama jambo la utakatifu. Kwetu watu wanaosimama darajani na kudai unga wana sare na bunduki, na hakuna anayewatengenezea historia. Kisha kulikuwa na mnara, ambamo bwana mmoja tajiri alimfungia mke wake kwa sababu alicheka kanisani. Mnara bado umesimama, wageni wanaupanda. Niliuliza wanapanda kuona nini. Wanaona mto, akasema.

Mto. Hapo ndipo aliponichosha kabisa. Nimezaliwa kando ya Lualaba, pale reli inapokutana na maji, na wakati wa mvua hujui ng'ambo iko wapi mpaka mtu apige ngoma upande ule. Nilimuuliza mto wake una upana gani. Akatazama nje ya dirisha, akapima, akasema kama kutoka hapa mpaka kwenye kituo cha tramu. Na kiangazi? Kiangazi, akasema, watoto wanavuka kwa miguu. Dada yangu alikuwa anakunywa, ikabidi aweke glasi chini.

Chakula chao sasa. Vyura, wamekaangwa wazima na miguu yao. Samaki mrefu kama nyoka, anakatwa vipande na kulazwa ndani ya siki mpaka Krismasi. Na boga, boga ambalo Mungu alilipa majani matamu ya kupikwa na karanga, wao wanatupa majani, wanaponda boga na kulificha ndani ya vipande vya unga vilivyokunjwa, pamoja na biskuti na haradali. Alituletea sahani nzima mara moja. Nilikula kimoja kwa ajili ya amani. Kilikuwa na ladha ya dawa ya mtoto iliyoangukiwa na chumvi.

Kila mwaka mwezi wa nane walikuwa na sikukuu. Mtakatifu wao wa mbao anatolewa kanisani, anapandishwa mashua, bendi inapiga kwenye mashua ya pili, na wanamtembeza juu na chini ya mto huku wanawake wakitupa maua kutoka darajani. Mzee alilieleza hilo akiwa amesimama, mikono yote miwili hewani. Nilimuuliza nyumba ngapi zina watu. Akasema wengi walitoka, baada ya vita, kwenda migodini, Ubelgiji, Ufaransa. Nikamuuliza kwa nini watu watoke mahali pazuri hivyo kwenda kuingia chini ya ardhi ya wengine.

"Njaa, madame," akasema.

Nikamwambia basi miaka elfu mbili ya historia haipikiki. Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mzee alicheka, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu sikuwa nimefanya mzaha.

Lakini kitu alichokipenda kuliko Warumi na mtakatifu kilikuwa kinu. Sikiliza. Watu wale hawakuwa na kinu nchi kavu. Walikifunga juu ya mashua mbili, gurudumu katikati, na mashua zikafungwa kwa minyororo kwenye ukingo, mto ukawasagia mahindi bure. Nakubali kwamba hiyo ni akili, akili ya watu wavivu. Siku moja ya kiangazi, mvua ilinyesha milimani, mto ukaja wote kwa pamoja, mnyororo ukakatika, na kinu kikaondoka. Kikapita chini ya daraja kikiwa kizima, gurudumu linazunguka, mbwa wa msagaji amesimama juu ya paa, na maji nyuma yake meupe kwa unga. Kila alipofika kwenye unga, mzee alinyamaza kidogo. Mume wa binti yangu aliacha kutafuna. Hata binti yangu, niliyemlea mimi na kumfundisha kutodanganywa, aliacha vyombo kwenye maji akaja kusimama mlangoni na mikono ya povu. Hadithi hiyo nimeisikia mara tisa. Ninajua jina la msagaji na la mbwa.

Jumapili ninayoisema, mzee alikuja na mashine. Sanduku la chuma lenye taa ndani na feni ya kupoza, na vipicha vidogo vya kuangaziwa, alivyotumiwa kutoka kijijini, vimepangwa kwenye sahani ya duara. Tukamaliza kula, binti yangu akatundika shuka juu ya kabati, tukafunga mapazia saa nane mchana kama watu wanaoficha maiti. Picha ya kwanza iliingia kichwa chini, kanisa linaning'inia na mnara wake unaelekea sakafuni. Nikasema hivyo lilikuwa limependeza.

"Maman, usianze," binti yangu akasema.

"Sijaanza. Ninaangalia tu."

Zikapita picha za ukuta. Mlango, ukuta, paka juu ya ukuta. Mwanamke mwenye leso kichwani anayeshona nyavu, ambaye uso wake ulisema kila kitu kuhusu kijiji hicho, lakini mzee aliharakisha kumpita. Kisha jiwe la ubatizo. Jiwe lenyewe lina umbo la bakuli la mbwa, limeliwa ukingoni. Mzee akasimama mbele ya taa, kivuli chake kikalifunika jiwe lote, akasema kwamba amekwisha kumwandikia padri, na padri amekubali: mtoto atabatizwa humo siku ya mtakatifu, mwezi wa nane, na baadaye atapanda mashua pamoja na bendi.

Alikuwa ameandika bila kuniuliza mimi. Nilimtazama mume wa binti yangu, naye alikuwa anatazama sahani yake, sahani tupu. Nikajua wamekwisha kusema ndiyo nyuma yangu. Nilimwona majina yangu mlangoni mwa kanisa lile la matope, padri anauliza mtoto anaitwa nani, na mtu mwingine anajibu. Labda huyu mwalimu wa majani.

Wakati huo taa ya mashine ikapata joto kupita kiasi, mume wa binti yangu akaizima ipoe. Mzee akasema tunywe kahawa. Kahawa hakumruhusu mtu mwingine kuipika, alikuwa na chombo chake cha chuma cha kupanga juu na chini, basi akaenda jikoni na binti yangu akamfuata kumwonyesha vikombe. Walikawia. Mimi nilikwenda kumtazama mtoto. Nilisimama juu ya kitanda chake nikimwita kwa jina letu, polepole, asiamke.

Tulipokaa tena, mzee aliwasha mashine. Ikaingia picha ya daraja. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayemaliza kazi, "Hapa ndipo niliposimama siku ya kinu."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Monsieur," nikasema, "ulipokuja Ubelgiji ulikuwa na miaka mingapi?"

Sikungoja jibu, nikamjibia. Nikasema siku ya ndoa, mezani, alituambia mwenyewe kwamba mama yake alimleta kwa gari moshi pamoja na wake wengine wa wachimbaji, akiwa ananyonya, na mwanamke wa kiti cha mbele aliwapa shali ya kujifunika. Nikataja rangi ya shali, ya kijani. Nikataja jina la mwanamke yule. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuingia na singeweza kutoka nusu.

"Mtoto anayenyonya hasimami darajani, monsieur. Kijiji hiki hujakiona kwa macho yako. Umekisikia kwa baba yako, na wewe unatuuzia kila Jumapili kama bidhaa ya kwako. Na sasa unataka kumpeleka mtoto wetu kwenye mahali pa kusikia."

Binti yake, mwalimu, aligeuka kwenye kiti chake. "Papa?" akasema. Neno moja, lakini ndani yake kulikuwa na utoto wake wote, Jumapili zote alizokaa magotini pake akisikiliza mbwa juu ya paa.

Mzee alinitazama. Halafu akamtazama binti yangu, naye akainamisha kichwa, nikadhani ni aibu kwa sababu yangu. Kisha mzee akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza.

"Madame ana haki," akasema. "Ni baba yangu aliyesimama pale. Mimi nilisikia tu."

Akasema pia kwamba hakuna maana ya kumsafirisha mtoto mchanga mbali hivyo kwa sababu ya kitu cha kusikia. Mtoto abatizwe hapa, atamwandikia padri tena. Akainuka, akachomoa waya, daraja likatoka kwenye shuka.

Sitadanganya, nilifurahi. Dada yangu alinifinya paja chini ya meza. Niliomba nyama tena, nikala sahani ya pili kahawa ikiwa imekwisha kunywewa, na nilimwona mzee yule kama koti lililotundikwa ambalo ndani yake hapakuwa na mtu. Mtu wa miaka ile yote, anaiba kumbukumbu za baba yake. Nilifikiri: na hawa ndio waliokuja kwetu kutufundisha.

Tulibatiza Forest, parokia yetu, barabara ya tramu. Maji yalikuwa ya bomba la Brussels, na sijaona yamemdhuru. Nilimbeba kuvuka mlango, yeye na gauni lake jeupe refu. Padri akauliza mtoto huyu anaitwa nani. Baba akanyamaza, mama akanyamaza. Nikajibu. Sauti yangu ilikwenda mpaka kwenye dari ikarudi. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Baadaye tulikula kwenye ukumbi wa parokia, bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na mbuzi, na wao na mikate yao. Alikuwako mgeni mmoja kutoka kijijini, binamu wa mzee, mwanamke wa umri wangu, mfupi, mwenye nguo nyeusi tupu, aliyekuja kwa basi siku nzima na usiku amepakata chupa ya wale samaki wa siki. Walimkalisha karibu yangu kwa sababu sote wawili tulikuwa wazee na Kifaransa chetu kilikuwa kibovu. Kwa kujaza wakati nilimuuliza juu ya kijiji. Akasema ni mahali pa kuchosha, hakuna duka, na ukungu unaingia mpaka ndani ya shuka. Nikampenda.

Kisha akasema, bila mimi kuuliza, kwamba siku kinu kilipokwenda na maji alikuwa darajani, yeye na binamu yake huyu hapa. Mzee alikuwa na miaka tisa. Wazazi wake walikuwa wakimtuma kwa nyanya yake kila likizo kubwa, kutoka Ubelgiji, peke yake kwenye gari moshi na kadi shingoni. "Alitapika kwa hofu," akasema. "Juu ya viatu vyangu vipya. Kwa ajili ya mbwa."

Mzee alikuwa anapita na sahani yake. Binamu akamvuta mkono, akamwambia awaambie watu juu ya viatu. Mzee alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Kula, cugina, binamu yangu," akasema. "Unachanganya watu. Yule alikuwa mwingine."

Akaenda kukaa upande wa pili. Nilimwona anakula sombe kwa uma, polepole, haangalii huku.

Ningesema nini, mbele ya nani? Nilijiambia binamu ni mzee, amechanganyikiwa na safari. Na kama hakuchanganyikiwa, basi mzee alikuwa mjinga, kwa sababu mtu aliyekuwa darajani anasema nilikuwa darajani. Mimi ningesema. Ningewasimamisha wote.

Kadi yangu ya kweli ilitoka mwaka uliofuata. Binti yangu akasema twende sasa, wote, tukakione kijiji. Nikasema magoti yananiuma. Mzee hakusisitiza. Ukweli ni kwamba tangu Jumapili ile hakukitaja tena. Alikuja kila wiki, akapika kahawa yake, akaongea juu ya mvua, juu ya mpira, juu ya tramu zilizobadilishwa namba. Mume wa binti yangu alijaribu mara moja kumwomba amhadithie mtoto juu ya kinu. Mzee akasema amesahau. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nimempakata majina yangu, ninaona sawa, nyumba imepata utulivu.

Alikufa wakati mtoto ana miaka saba, kwa mapafu, kama wote waliochimba. Alizikwa hapa hapa Brussels. Baada ya mazishi tulikuwa jikoni, mimi ninafuta sahani, binti yangu anaosha, na alikuwa amelia mpaka uso umebadilika. Akasema bila kugeuka:

"Maman, alijua."

"Alijua nini?"

"Kadi yako. Nilimuambia ile siku ya picha, tukiwa jikoni na kahawa. Aliniuliza nini inakuchukiza hivi na kwao. Nikamuambia hauchukii kitu, hauwezi tu kutoka. Akaniuliza nani lazima abebe mutoto. Nikamuambia."

Nilimwambia hakuwa na ruhusa. Nilimwambia maneno mengine ambayo siku ya mazishi hayafai. Akaniacha nimalize, kisha akasema mzee alimwomba kitu kimoja tu pale jikoni, kwamba nisijue kama amejua, kwa sababu ningekasirika. Na hapo alisema kweli. Nimekasirika mpaka leo. Sikumwomba. Mtu anayekupa ushindi bila kukuuliza anakufanya mwombaji, hata kama umekwisha kula sahani ya pili.

Kuhusu kijiji, sijabadilisha neno. Ni daraja, matope, vyura, na mnara wa kumfungia mwanamke. Mambo yote haya ambayo leo wanayaweka kwenye simu na baiskeli za kukodi, niliyasikia bure zaidi ya miaka kumi iliyopita na hayakuwa na thamani hata wakati huo. Simu inasema kinu kilichukuliwa na mafuriko makubwa, haisemi yapi, na mto ule unaonekana umefurika kila kizazi ili watu wake wapate cha kusema.

Lakini majina yangu anakwenda. Mwezi wa saba, na shangazi yake yule mwalimu, ambaye mpaka leo anaamini baba yake alimdanganya utoto mzima. Watasimama kwenye daraja lile. Mtoto ataniuliza kabla ya kwenda, najua, babu alisimama pale au hakusimama. Na mimi, ambaye nilisema mbele ya watu wote kwamba hakusimama, sina tena uhakika wa kile nilichosikia siku ya ndoa. Kunyonya, gari moshi, shali ya kijani, hayo nimeyashika. Lakini kama aliyekuwa ananyonya ni yeye, au ni mdogo wake aliyekufa, hapo pana giza. Nilikuwa nimegeukia dirishani wakati ule, nimetoka tu kudanganya juu ya karatasi zangu, na masikio yalikuwa yanawaka. Na hata kama ni yeye, mtoto anayekuja akinyonya anaweza kurudishwa likizoni. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa ninahitaji kushinda.

Basi ninyi mliokuwa kwenye ndoa ile, meza ndefu karibu na mlango wa jikoni, mliomsikia mzee akisimulia safari ya mama yake: alisema ni nani aliyekuwa kifuani? Na kama kuna mtu aliyewahi kumwona mtoto mwenye kadi shingoni kwenye gari moshi la kwenda kusini, aseme. Kama nimekumbuka vibaya, hapo au mahali pengine popote, mnisahihishe bila kunionea haya, na mfanye hivyo kabla ya mwezi wa saba, nipate kumwambia shangazi yake kwa mdomo wangu mwenyewe.